Bilauri Sita na Uzi wa La

Bilauri za Mama Watoto zilianza kulia usiku wa Jumatano, baada ya taarifa ya habari. Ni bilauri sita za kioo chembamba alizotunzwa siku ya arusi yetu, na makao yake ni rafu ya juu ya kabati la mninga pale sebuleni. Rafu ya chini hukaa sabufa. Kila nilipogusa uzi wa la wa gitaa langu la besi, bilauri ziligongana kama meno ya mtu mwenye homa. Nikigusa uzi mwingine, kimya.

Mama Watoto alitoka chumbani kajifunga khanga kifuani, akafungua kabati, akaweka kiganja juu ya bilauri ya kwanza.

"Baba Watoto, hebu piga tena."

Nikapiga. Akaacha mkono palepale mpaka mlio ukaisha.

"Inanitambaa mpaka kwenye kiwiko," akasema. Kisha akazitoa moja moja, akazivika magazeti na kuzilaza chini ya kitanda. Hakunikataza. Aliniachia kabati tupu, nami nikaelewa kwamba nimepewa ruhusa.

Gitaa lile nililinunua kwa shilingi 280,000 kutoka kwa mpigaji wa bendi iliyokwisha kuvunjika. Nina miaka 44, nafanya kazi ya stoo, na sikuwahi kushika chombo chochote cha muziki zaidi ya kugonga meza. Ila besi nilikuwa nayo tangu utotoni. Nyumba yetu ni ya Ngamiani, Tanga, ileile ya marehemu baba: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na kisima. Jioni baba alikuwa akitoa redio barazani. Ukipigwa wimbo "Sina Makosa" wa Les Wanyika aliweka mkono juu ya ubao wa redio, ananishika na mimi mkono, ananiwekea pale pale. "Sikiliza chini," ananiambia. Juu kuna waimbaji na magitaa yanayojibizana, na kila mtu anayasikia. Chini kuna mtu mmoja anatembea.

Baba alikuwa na sababu ya kuona fahari. Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili wa Tanga, walipitia Jamhuri Jazz ya hapa kwetu kabla ya kuanzisha Simba Wanyika nchini Kenya mwaka 1971. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakajitenga na kuunda Les Wanyika, na aliyeshika besi huko ni Tom Malanga. Kwa baba ile besi ilikuwa kama jirani aliyehamia Nairobi akaendelea kutuma salamu. Alifariki bila kuniambia kwamba mtu wa kawaida anaweza kujifunza kuipiga. Nadhani na yeye hakujua.

Alhamisi nikaongeza sauti. Bilauri zilikuwa salama chini ya kitanda, nikaona hakuna tena cha kuharibika. Nilikuwa nimechomeka jeki ya gitaa kwenye sabufa, nikavuta uzi wa mi, ule mnene kuliko wote, kwa nguvu ya mtu anayechota maji kisimani. Sabufa ikatoa sauti ya kitambaa kinachopasuka. Baada ya hapo hata msoma habari akawa anaongea kama ana mchanga kooni. Na Jumapili yake ilikuwa zamu ya Mama Watoto kupokea kikoba, akina mama kumi na wanane, na taarabu ilikwishaahidiwa.

Fundi redio aliifungua mbele yangu. Karatasi ya spika ilikuwa imechanika robo duara. Hakunicheka, alinifundisha. Muziki uliorekodiwa, alisema, umekwisha kulainishwa, makali yake yamepunguzwa kabla haujaingia kwenye flashi. Uzi wa gitaa unakuja mbichi. Pale unapouachia, kishindo chake cha kwanza ni kikubwa mno, na ile karatasi ndogo inasukumwa mbele kupita urefu wake. Sauti nene inataka spika isogeze hewa nyingi, na uzi wa mi wa besi unatetemeka kama mara 41 tu kwa sekunde. Sabufa ya nyumbani haikuumbiwa mzigo huo. Nikalipa elfu thelathini na tano, nikaibeba hadi nyumbani, na Jumapili akina mama wakacheza. Mama Watoto akaniwekea sharti moja: gitaa na sabufa wasikutane tena.

Hivyo nikajifunza bila umeme. Mpangaji wetu wa chumba cha mbele ni fundi cherehani, na nyuma ya cherehani yake gitaa lisilo na spika halisikiki kabisa. Nilikaa naye hivyo hivyo. Mguu wake unakanyaga pasi kulegalega, nami niliazima mapigo yake. Akifika mwisho wa pindo anasimama, nami nasimama.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupatanisha nyuzi. Besi ina nyuzi nne: mi, la, re, so, kutoka mnene kwenda mwembamba. Shingoni kuna vyuma vilivyolazwa kwa kukingama, wapigaji huviita freti. Leo Fender wa California alipotoa besi yake ya umeme mwaka 1951 aliiita Precision kwa ajili ya vyuma hivyo, maana besi kubwa ya kusimama haikuwa navyo na mpigaji alitafuta sauti kwa sikio. Ukibana freti ya tano ya uzi wa mi unapata la, sauti ileile ya uzi unaofuata ukiwa wazi. Unapiga zote mbili pamoja. Zisipolingana, sauti inayumba: wa-wa-wa-wa. Unazungusha ufunguo kidogo, inapungua mwendo: waa, waa. Unazungusha tena kiduchu, inatulia kama maji ya mtungi. Mimi ilinichukua wiki nzima kuusikia ule mtikisiko. Binti yangu wa miaka kumi na moja aliusikia siku ya kwanza, akiwa anasugua sufuria. "Baba, bado inatetemeka," akaniambia bila kugeuka. Tangu hapo yeye ndiye mpatanishi wa nyuzi nyumbani kwetu.

Kusoma noti nilifundishwa na mwalimu wa kwaya anayekaa mtaa wa pili. Nilimwambia nataka kupiga kwa sikio tu, kama wazee. Akanijibu kwamba sikio linakumbuka ulichokisikia, na karatasi inakumbuka usichowahi kukisikia. Akageuza kalenda ya mwaka uliopita, akachora mistari mitano. Mwanzoni akaweka alama iliyopinda kama sikio la mtu, na mbele yake nukta mbili, moja juu na moja chini ya mstari wa nne. Huo ni ufunguo wa fa. Mstari uliokumbatiwa na nukta mbili ndio fa, na noti nyingine zote zinahesabiwa kutoka hapo. Uzi wa la ukiwa wazi unakaa nafasi ya kwanza kutoka chini. Re iko kwenye mstari wa katikati. So iko nafasi ya juu kabisa. Mi imezama nje ya mistari, inachorewa kijistari chake peke yake huko chini. Tena akanieleza kwamba besi hulia oktavu moja chini ya inavyoandikwa, ili mwandishi asilazimike kujaza karatasi vijistari vya chini.

Nilielewa kwa kichwa, vidole vikakataa. Nikiona noti nahesabu kuanzia fa, nikimaliza kuhesabu wimbo umeshapita. Binti yangu ndiye aliyekuja na dawa. Uani kulikuwa na kamba nne za kuanikia nguo, akataka ya tano. Kuanzia mlango wa jiko hadi uani ndani, kamba ya kwanza ni so ya chini, kisha ti, re, fa, la. Nguo iliyobanwa juu ya kamba moja ni noti ya mstari. Iliyotandazwa na kubanwa kamba mbili ni noti ya nafasi. Kila asubuhi alinianikia fulana tatu au nne, nami nilisimama na mswaki mdomoni nikitaja: re, fa, la, do. Siku ya tano nikaacha kuhesabu. Fulana ya kamba ya katikati ikawa re vile kofia ilivyo kofia.

Tatizo ni kwamba kamba ya tano niliifunga kwenye nguzo ya banda la kuku. Alhamisi moja fundi cherehani akafua kanzu yake ya Ijumaa, akaianika huko mwisho, kwenye la ya juu, bila kujua ni la. Maji yakiwa bado mengi kwenye kitambaa, upepo wa baharini ukaingia. Nguzo ikainama, ikalala. Kuku wakatoka mbio, kamba ikashuka, na kanzu nyeupe ikajilaza palipomwagwa maji ya kuoshea samaki. Jogoo akapita juu yake mara mbili.

"Kaka," fundi aliniambia, akiishika kanzu kwa ncha za vidole, "kesho sijui nitaswalia nini."

Niliifua mara tatu usiku ule, nikaikausha kwa pasi mpaka saa saba. Asubuhi akaivaa. Alipotoka msikitini alinikuta nachimbia nguzo mpya, akavua kanzu, akakunja suruali, akanishikia nguzo wakati napigilia mawe. Leo kamba ya tano ndiyo imara kuliko zote.

Sasa nilijua noti inakaa wapi, sikujua inakaa kwa muda gani. Noti nzima mapigo manne, nusu noti mawili, robo noti moja: nilikuwa na haya yote kwenye daftari, na bado noti ndefu nilizikata njiani kwa haraka ya kuifikia inayofuata. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, amefundisha watoto Kurani miaka zaidi ya thelathini. Gitaa halipendi na hajalificha hilo, nami huwa nalipiga akiwa amekwenda kwake chuoni. Jioni moja alirudi mapema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndefu mbona unaikimbia?"

Nikamwonyesha karatasi, nikamweleza ile noti inadai mapigo manne. Akaketi mkekani.

"Kurani hatuifananishi na gitaa," akasema. "Lakini mkono wa kuhesabia Mungu ametupa mmoja. Mtoto akifika kwenye madda, pale sauti inapovutwa, namwambia akunje vidole. Ya harakati mbili, viwili. Nyingine nne, nyingine sita. Asiangalie mbele mpaka kidole cha mwisho kimelala. Ukiangalia mbele, umeshaikata."

Akanyanyua mkono wake mwembamba, akakunja kidole kimoja baada ya kingine, pole pole, kila kimoja kikichukua muda sawa na mwenziwe. Ndipo nilipoona kosa langu. Nilikuwa nahesabu noti huku jicho limeshahamia nyingine. Nikapiga tena, nikitazama vidole vyake badala ya karatasi, na sauti ikakaa mpaka mwisho wake. Akainuka kwenda kutawadha. Hakusema zaidi.

Mwezi wa tano mwalimu wa kwaya akaniandikia ukurasa wangu wa kwanza. Mistari ya wima iliugawa vyumba vyumba, kila chumba mapigo manne, vyumba vinane kwa jumla. Sauti zake ni do, fa na so tu, zile ambazo nyimbo nyingi za dansi zimejengewa juu yake. Nikamwambia Mama Watoto kwamba Jumamosi baada ya chakula nitausoma mbele ya nyumba nzima, na kwa mara moja tu akaniruhusu niazime spika ya besi kutoka kanisani. Tukala wali na samaki wa nazi. Nikafunga waya, nikapandisha swichi, na umeme wa mtaa mzima ukakatika.

Binti yangu akawasha taa ya simu. Nikaanza kupiga hivyo hivyo, kavu, na kwa kweli hakuna kilichosikika ila kucha zangu juu ya chuma. Fundi cherehani alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu. Mama Watoto akatazama kabati, akafungua mlango wa juu, akatoa bilauri zilizokwisha kurudi, akazipanga mkekani. Kisha akanivuta na kiti changu.

"Liegemeze hapo."

Nikagusisha kichwa cha gitaa kwenye ubao wa kabati, nikavuta uzi wa la. Mninga ukaitikia. Kabati zima, milango, rafu na mgongo, likawa spika. Sauti haikuwa kubwa, lakini ilitoka chini, na kila aliyekaa mkekani aliipata kwenye mapaja yake. Mama Watoto akaweka kiganja juu ya ubao, akamshika binti yetu mkono, akamwekea pale pale. Sikuwahi kumsimulia habari za baba na redio.

Nikasoma vyumba vyote vinane, vidole vikitetemeka, nikafika mwisho bila kupotea. Kukawa kimya. Kutoka chumbani, nyuma ya pazia, ikaja sauti ya shangazi.

"Pale kati kuna mahali pa kusimama. Hukusimama."

Binti yangu akamulika karatasi. Chumba cha nne, mapigo mawili ya mwisho, alama ya pumziko. Nilikuwa nimeijaza sauti kwa hofu ya kuacha shimo. Nikarudia tangu mwanzo. Nilipofika pale nikalaza kiganja juu ya nyuzi, nikakunja kidole kimoja, kisha cha pili. Kabati likatulia. Giza lote la nyumba likangoja pamoja nami, na chumba cha tano kikaingia mahali pake.