Namna ya Kumpofusha Dereva Mwenzako: Mwongozo wa Taa Kali kwa Wasiojihadhari

Gari lako limetoka Japani likiwa limeshatumika, limeteremka bandari ya Dar es Salaam, limelipiwa ushuru, na sasa ni lako. Mchana halina neno. Siku moja unachelewa kuondoka mjini, giza linakukuta Chalinze, na mbele yako bado kuna Morogoro, Mikumi na mlima Kitonga. Unawasha taa, unaona kipande cha lami cha kukanyagia tu. Unaapa kwamba ukirudi salama utafunga taa za kueleweka.

Uamuzi mzuri. Ufuate mwongozo huu hatua kwa hatua: utatumia pesa nyingi, utaona kidogo kuliko sasa, na anayekuja mbele yako hataona kabisa.

Hatua ya kwanza: mlaumu bulbu

Taa ikiwa hafifu, kosa ni la bulbu. Usitafute mchawi mwingine. Hasa usipapase kioo cha taa. Ukikipapasa utagundua si kioo bali plastiki, ambayo miaka ya jua imeigeuza manjano na kuitia ukungu. Mwanga ukipita humo hutawanyika hovyo: unaopaswa kwenda mbali hauendi, na unaopaswa kubaki chini unapanda machoni mwa watu. Fundi akikuambia apige msasa wa maji, aanze na namba 1000 amalizie na 3000, kisha apulize vanishi ya kuzuia jua, muogope. Bei yake ni ndogo mno kuwa dawa. Kama ni lazima usafishe, sugua kwa dawa ya meno na vanishi uiache. Taa zitapendeza kwenye picha, na baada ya miezi michache umanjano utarudi kwao.

Usikubali pia apime umeme. Fundi mwenye mita ataigusisha kwenye betri gari likiunguruma, asome volti 13.5 au zaidi, halafu apime nyuma ya bulbu asome 12. Atakuambia waya umechoka, athi imeshika kutu, na kwamba bulbu ya halojeni ikipunjwa kiasi hicho hupoteza karibu theluthi ya mwanga wake. Hapo ataanza habari za relei na waya mnene wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Mkatize. Ukimwacha aendelee, bulbu ulizonazo zitawaka kama alivyokusudia aliyezitengeneza, na safari yako ya Kariakoo itakufa kabla haijaanza.

Hatua ya pili: soma boksi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wahenga hawakuendesha gari usiku. Nenda kwenye maduka ya spea utafute boksi la LED lenye picha ya radi, lililoandikwa lumeni 20,000. Usipige hesabu. Anayepiga hesabu atakumbuka kuwa H4 ya kawaida, ile ya wati 60/55 iliyomo kwenye magari mengi madogo, hutoa lumeni kama 1,000 kwenye dimu na 1,650 kwenye full. Atakumbuka pia kuwa LED za aina hii hutoa lumeni kama 100 kwa kila wati, kwa hiyo 20,000 zinataka wati 200, ambazo kwa umeme wa volti 12 ni zaidi ya ampia 16. Fyuzi ya taa mara nyingi ni ya ampia 10 au 15. Isipokatika, boksi limedanganya. Ikikatika, boksi limesema kweli na wewe umebaki gizani.

Halafu dai Kelvini 8,000. Namba hiyo hupima rangi ya mwanga, wala si wingi wake. Halojeni ya kawaida iko kwenye 3,200 hivi, njano kidogo. Ukifika 6,000 weupe unaanza kuingiwa na bluu. Halojeni za bluu hupata sura hiyo kwa kupakwa rangi juu ya glasi, na rangi hiyo inakula mwanga. Unalipa zaidi upate kidogo, ila anayekutazama anaumia macho zaidi, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Mazungumzo na muuzaji yawe mafupi:

"Bosi, hii ukiiwasha, mbuzi aliye ng'ambo ya mto anageuka."

"Na anayekuja mbele yangu?"

"Huyo atashusha za kwake."

Lipa.

Wasioamini LED wana njia yao ya siku nyingi: halojeni ya wati 100/90. Kwenye dimu inavuta umeme zaidi ya mara moja na nusu, kupitia waya uleule. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua karibu na usukani, hiyo ni swichi. Ukiona soketi imegeuka kahawia, hongera, umefuata maelekezo.

Hatua ya tatu: dharau kikombe

Chomoa H4 ya zamani uitazame kwa karibu. Ishike kwenye glasi kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi yakipata moto yataifupishia maisha, na wewe unataka nyingine. Ndani mna nyuzi mbili. Ule wa mbele ni wa dimu, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma ambacho mtu angedhani ni urembo. Kazi yake ni kuzuia mwanga unaoteremka usifike nusu ya chini ya rifleta, kwa sababu ukigonga hapo unaruka juu. Kikombe hicho ndicho kinachochora ule mstari unaouona ukimulika ukuta: chini mwanga, juu giza. H4 ilianza kutumika mwaka 1971, na tangu hapo kipande hicho cha chuma kimekuwa kikilinda macho ya watu wasiojua hata kama kipo.

Sasa chomeka humo xenon isiyo na kikombe, au LED ambayo vichipu vyake havikai pale uzi ulipokuwa. Rifleta ilipigiwa hesabu kwa uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja, kwa vipimo vya milimita. Mwanga ukitokea kwingine, nayo inautupa kwingine: kwenye matawi ya miembe, kwenye mabango ya wanasiasa, usoni kwa dereva wa Fuso. Mbele ya bampa lako patakuwa mchana, na hilo litakufurahisha sana. Macho yakishazoea mwangaza huo wa karibu, yanashindwa kuona mbali. Kokoto zote utazihesabu, ng'ombe hutamwona.

Hatua ya nne: usisogelee ukuta

Kuna watu huegesha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, upepo wa matairi ukiwa sawa na dereva amekaa kwenye kiti chake. Hupima urefu wa taa kutoka chini, tuseme sentimita 65, wakachora mstari wa chaki ukutani, kisha mwingine sentimita 10 chini yake. Huwasha dimu na kuzungusha skrubu iliyo nyuma ya taa mpaka ukingo wa mwanga ulale kwenye mstari wa chini, ukipanda kidogo upande wa kushoto kuwaonyesha waenda kwa miguu. Kazi yote inataka bisibisi, chaki na subira ya kikombe kimoja cha chai. Wewe funga boneti uondoke.

Kama karibu na usukani pana kigurudumu kidogo chenye namba zinazoanzia 0, kiache kwenye 0 siku zote. Kiliwekwa ili dereva ashushe taa pale mzigo wa nyuma unapoliinua gari pua. Wewe simama Ruaha Mbuyuni, pakia magunia ya vitunguu mpaka bampa la nyuma likaribie lami, kisha endelea na safari. Hata bulbu iliyofungwa vizuri kuliko zote sasa inamulika kioo cha mwenzako.

Hatua ya tano: nunua taa ya nchi za kulia

Siku taa ikivunjika, usitafute iliyotoka Japani. Wajapani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo dimu yao imeinuliwa upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Tafuta taa iliyong'olewa kwenye gari la Dubai au Ulaya bara, safi, haina hata mkwaruzo. Yenyewe imeinuliwa upande wa kulia, na kwetu kulia ndiko anakotokea mwenzako. Uzuri wake ni kwamba kwa taa nyingi za namna hiyo skrubu haisaidii: ukiishusha hadi isimchome mwenzako, wewe mwenyewe huoni mbele.

Hatua ya sita: dawa ya moto ni moto

Ukishafunga kila kitu, ingia barabarani na utembee na full. Anayekuja akikupigia taa kukuomba ushushe, mjibu kwa kuongeza zile spoti za juu ya paa. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari huenda mita 22 kila sekunde, na jicho lililomulikwa huchukua sekunde kadhaa kurudi katika hali yake. Tuseme tatu: umekwenda mita 66 bila macho, naye mita 66 zake. Ni mita 132 za lami zilizopitwa na watu wawili wasioona, kila mmoja akiamini amemkomesha mwenzake. Kama ndani yake mlikuwa na mzee wa baiskeli isiyo na taa, au lori lililokufa ambalo dereva wake ametandika matawi badala ya pembetatu, hayo yatajulikana asubuhi.

Ukimulikwa na mwingine mwenye taa kama zako, laani kwa sauti. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Onyo kwa wakaidi

Wapo watakaosoma haya na kufanya kinyume. Watasugua taa na kuzipulizia vanishi, watafunga relei, watanunua H4 ya wati 60/55 ya kampuni inayoeleweka, watapima ukutani na kukishusha kigurudumu wakibeba mzigo. Wajue mapema yatakayowapata. Watabaki na chenji. Hakuna atakayewapigia full. Mzee wa baiskeli watamwona akiwa bado mbali.

Baya zaidi, watakosa kisingizio. Dimu iliyo sawasawa humulika mbele mita 50 hivi. Kwa mwendo wa 80, kuanzia kushtuka hadi gari kusimama, utakuwa umekwenda karibu mita 70 kwenye lami kavu. Zile mita 20 za tofauti hazizibwi na bulbu yoyote inayoheshimu macho ya wengine. Zinazibwa kwa kushuka hadi 60, ambapo gari hilohilo husimama ndani ya mita 45. Mwendo huo hauna lumeni wala Kelvini, na muuzaji hapati kitu kwako ukiutumia. Usitegemee kuukuta kwenye boksi.