Mwenyekiti Anataka Ziwa Litolewe

Kujifunza kuhariri foto si kazi ngumu. Kazi ngumu ni wale watu walio ndani ya foto.

Nilipokubali kupanga kurasa za kajarida ka ushirika wetu hapa Rugenge, nilidhani adui ni kompyuta. Photoshop mpya siku hizi hukodishwa kwa mwezi, nami sioni sababu ya kulipia mwezi mzima katika mtaa ambao umeme hauji mwezi mzima. Nikachukua GIMP, iliyotolewa bure mwaka 1996 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Marekani, na hadi leo ni ya bure. Lakini ina ukaidi wake. Tangu 2012, ukibonyeza Enregistrer inakupa faili la XCF ambalo simu za mtaani hazilijui. Ukitaka JPEG ya kumtumia mtu, upite mlango wa Exporter. Nani aliwakosea hawa mabwana? Haya, nimezoea. Nimezoea hata yale matabaka yanayopangwa moja juu ya lingine kama vitenge sokoni, na kile unachokitafuta daima kiko chini.

Balaa lilianza habari zilipoenea kwamba kwangu kuna mashine ya kutoa vitu kwenye foto.

Mwenyekiti amekuja na foto ya semina iliyopigwa ufukweni. Anataka ziwa litolewe.

“Watu watadhani tulienda kuoga.”

“Muzee, ni ziwa kubwa.”

“Mwanangu, si umesema mashine inatoa kila kitu?”

Basi Tanganyika, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 670 na kina cha mita 1,470, niitoe mimi kwa kipanya, tena kabla umeme haujakatwa. Mahali pake niweke ghorofa, “lolote la Kinshasa.” Na mweka hazina, ambaye siku ile hakuwepo, aingizwe safu ya mbele, akiwa na suti.

Mama mmoja muuza ndagala yeye hataki mengi, anataka awe mweupe “kidogo tu.” Kumng'arisha ni kuvuta mstari mmoja. Lakini uking'arisha uso wake peke yake, walio kando yake wanaonekana wamesimama kivulini, na malalamiko yanaanza. Uking'arisha wote, kanzu ya padri inayeyuka, inaungana na mawingu, kinabaki kichwa cha padri kikielea juu ya ushirika.

Nashuku ugonjwa huu ulianza zamani. John Knoll, aliyetengeneza Photoshop pamoja na ndugu yake Thomas, aliwaonyesha watu maajabu yake kwa foto ya mchumba wake aliyeketi ufukweni Bora Bora, akamnakili wakawa wawili. Programu ilikuwa haijaanza hata kuuzwa, ilianza 1990, na tayari mtu aliyejikalia ufukweni hakuachwa alivyo. Angalau wao bahari waliiacha.

Halafu foto zenyewe zinafika kwa WhatsApp, zimebanwa hadi hazina pumzi. Foto yenye upana wa nukta 720, ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi kama wachapaji wanavyotaka, inatoa picha ya sentimita 6. Yaani stempu. Mwenye foto anataka jalada zima. “Ivute tu!” Nukta zikishatupwa njiani hazirudi kwa kuvutwa. Zipo programu zinazobuni nukta mpya, ila zinabuni na pua mpya.

Kwa hiyo, ndugu wa ushirika, foto za toleo lijalo zitumwe WhatsApp kama dokumenti, si kama foto, hapo hazibanwi. Atakayetaka kuonekana kwenye semina aje kwenye semina. Na anayetaka kutoka mwembamba aanze leo, maana toleo linatoka mwezi ujao.