Maji Iko

"Maji ya moto yapo?" nilimwuliza kijana aliyeketi nyuma ya grili, kofia ya sufu imemshukia hadi kwenye nyusi.

"Iko, mzee," akajibu, bila kuinua macho kwenye simu.

Mimi mtu wa Mombasa. Kwetu maji yapo, chai ipo, vitanda vipo. Nairobi wamezifuta ngeli zote wakabakiza moja, na humo wametia kila kitu alichokiumba Mungu. Hilo nimelizoea, sina ugomvi nalo. Nililokuwa silijui ni kwamba "iko" ya Eastleigh, au Islii, haikwambii kitu kipo wapi, wala kitakuwepo lini.

Nilikuwa nimetumwa. Mpwa wangu anaolewa, na kina mama wa harusi waliamua kwamba madera ya sare, dazani tatu, lazima yatoke Islii kwenyewe, kwa bei ya jumla, maana Mombasa dera hilohilo ni shilingi 500. Basi la usiku likanitema alfajiri mwezi wa Julai. Julai ya Nairobi, kwa aliyezaliwa Pwani, si mwezi bali ni maradhi. Meno yalikuwa yanagongana nilipopanda namba 9, na yalikuwa bado yanagongana niliposimama mbele ya loji niliyoelekezwa. (Nasema loji kwa sababu ukiuliza hoteli utaonyeshwa pa kula maharagwe.)

Jengo lilikuwa la ghorofa nne, na kibao chake kilishadondosha herufi tatu. Kuta za ndani zilipakwa rangi ya mafuta, buluu hadi kiunoni, kama za kituo cha polisi. Nikalipa shilingi 1,200, nikapewa ufunguo uliofungwa kwenye ubao mkubwa kama mwiko wa pilau, na daftari la wageni nilijaze: jina, kitambulisho, utokako, uendako. Mgeni aliyenitangulia, kwenye "uendako", alikuwa ameandika "chumbani".

Mtaa huu umepokea wageni wakubwa, isipokuwa hawakulala. Uwanja wa ndege wa Nairobi ulikuwa hapahapa Eastleigh, kabla ule wa Embakasi haujafunguliwa mwaka 1958. Binti mfalme Elizabeth alishuka hapa Februari 1952, na hakukaa: siku chache baadaye alikuwa katika loji ya Treetops, huko Aberdare, babake akafariki Sandringham, Uingereza, na yeye akawa malkia akiwa juu ya mti. Mimi nilipelekwa chumba namba 14.

Chandarua kilikuwa na mafundo zaidi ya matundu. Slipa zilikuwa mbili, zote za mguu wa kushoto, moja nyekundu. Kitanda kilikuwepo, lakini nusu nzima ya chumba ilikuwa marobota na makatoni yaliyopanda hadi dari, na mengine yamesukumwa uvunguni.

"Na hii mizigo?"

"Hiyo si yako," akasema kijana, kana kwamba nimeshaanza kuibeba.

Anayeijua Islii hashangai. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi wa Kisomali walifika Eastleigh, na miongoni mwao walikuwamo waliopanga vyumba katika loji moja iliyoitwa Garissa Lodge. Mchana waliuza bidhaa chumbani, usiku wakalala palepale. Chumba baada ya chumba nguo zikamtoa mgeni, hadi loji ikawa soko, na soko hilo likazaa maduka makubwa yaliyoujaza mtaa. Mwenye loji simlaumu. Robota halikoromi, haliombi taulo, halichelewi kuondoka asubuhi, na halijapata kuuliza maji ya moto.

Bafu lilikuwa moja kwa ghorofa nzima, mwisho wa ujia. Juu ya kichwa kilining'inia kile kishawa cha umeme wanachokiita instanti, nyaya zake zimefungwa utepe kama kidole kilichokatwa na kisu. Nilipogusa bomba lilinipiga shoti, ndogo tu, ya kunisalimu. Kisha, wallahi, maji yakaja, na yalikuwa ya moto! Nikamwomba radhi yule kijana moyoni. Nikajipaka sabuni kuanzia utosini hadi kwenye visigino, nikiimba. Bomba likakohoa mara mbili, likapiga mbweu, likanyamaza. Taa nayo ikazimika.

Nairobi hunywa kwa sehemu kubwa kutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 70. Mimi nilihitaji lita tano.

"Kijana! Maji!"

"Maji iko, mzee! Iko kwa tangi ya chini! Pampu ndiyo haina stima!"

"Na stima?"

"Stima iko! Imepotea tu kidogo!"

Nikangoja. Sabuni ilipoanza kukauka na ngozi kubana kama ya ngoma, nikajifunga kikoi, nikarudi chumbani nikipapasa ukuta.

Mlango ulikuwa wazi. Juu ya kitanda changu katoni lilikuwa limepasuliwa, na mama mmoja wa Kisomali alikuwa akihesabu nguo kwa mikono miwili huku anazungumza na simu aliyoipachika ndani ya hijabu, sikioni. Pembeni walisimama wateja wawili. Hakuna aliyeshtuka.

"Shikamoo, baba," wakasema wale wateja kwa pamoja. Wa Arusha, nilikuja kujua.

"Marahaba," nikajibu, povu linaniingia sikioni.

Mmoja akainua dera la buluu, akalinyoosha dirishani penye mwanga, akanigeukia. "Hili bei gani, baba?"

Hili! Tangu nishuke basi sikuwa nimesikia ngeli. Roho ikanilainika, na katika kulainika huko nikajibu kitu pekee nilichokijua kuhusu madera: "Mia tano."

Wakatazamana, wakaona ni sawa, wakachukua dazani nne. Mama akaondoa simu sikioni, akanitazama kwa mara ya kwanza, kwa heshima kubwa. Walipotoka ndipo nikayaangalia vizuri yale madera. Buluu, maua meupe, shingo ya duara. Nikatoa simu nikalinganisha na picha niliyotumiwa na dada yangu. Ni yaleyale.

"Abaayo, mimi pia nataka dazani tatu. Kwa jumla unauzaje?"

"Nilikuwa nauza mia nne," akasema. "Lakini adeer, bei umesema wewe."

Nilimwapia kwamba nilikuwa na sabuni machoni, nikamweleza habari za yatima wasiokuwepo. Akanisikiliza vizuri, akafungua katoni jingine, akaanza kunihesabia.

"Hata punguzo kidogo?"

"Iko," akasema, bila kuinua macho.