Uainishaji wa Awali wa Spishi za Watumishi wa Mashirika ya Kimataifa Chini ya Mlima Meru

Arusha ina makazi yanayoifaa jamii hii ya viumbe. Majengo ya kituo cha mikutano cha AICC yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977. Baadaye Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ikayatumia hadi ilipofungwa 2015. Wapishi wa Njiro na walinzi wa Usa River wamezoea kuona mabosi wakija na kuondoka.

Spishi ya kwanza ni Mtaalamu Mgeni, anayetambulika kwa shangingi jeupe lenye antena ndefu. Kwa sheria ya ajira za wageni ya 2015, kibali chake ni cha miezi 24, na hata kikihuishwa kina ukomo. Mwajiri naye sharti awe na mpango wa urithishaji, ili mzawa afundishwe kazi hiyo aishike.

Mzawa mwenyewe ndiye spishi ya pili: Kaimu wa Kudumu. Hapa sayansi inakutana na kitendawili. Mgeni akifika, Kaimu humfundisha kazi miezi sita. Mwezi wa saba mgeni humpima Kaimu utendaji, akaandika kwamba anahitaji kujengewa uwezo. Kaimu husaini, kisha humwandalia mgeni anayefuata faili la kuanzia.

Spishi ya tatu, Ofisa Mradi, hana umri, ana tarehe ya mradi kufungwa. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, waliotegemea fedha hizo waligundua kwamba mkakati wa rasilimali watu wa miaka mitano haukuwa na ukurasa wa jambo kama hilo. Spishi ya nne, Mwanasemina, tunampita haraka: hula posho, huzaliana hotelini.

Spishi adimu ni Dereva. Anajua mzee gani wa Oldonyo Sambu aliahidiwa kisima, mradi upi ulimwahidi, na kwa nini siku hizi hapokei wageni. Shirika linapofanya mafungo ya siku tatu kujadili namna ya kutunza kumbukumbu ya taasisi, yeye husubiri nje, kiti kimelazwa, redio chini.

Waheshimiwa wakurugenzi, kabla hamjamlipa mshauri mwelekezi awaandikie mkakati mwingine, mpeni Kaimu barua yake ya uteuzi, na Dereva mwiteni ndani.