Mdogo kwa Kimo, Mkubwa kwa Kelele

Mbwa mkubwa akibweka, watu humwita mkali na kumlaumu mwenye mbwa. Mbwa mdogo akibweka, watu hucheka na kumwita mchangamfu. Upendeleo huu ndio unaowaharibu mbwa wadogo, na mfano ninao katika ukoo wetu: Popi, mbwa wa shangazi yangu wa Migori, mweupe, mwenye manyoya mengi na kilo chache.

Popi aliletwa kutoka Nairobi kwa basi la usiku, ndani ya kikapu cha sokoni, na tangu ashuke hajawahi kuamini kwamba yeye ni mdogo. Huwabwekea watu wa bodaboda, trela za miwa zinazoelekea Awendo, hata kwaya ikifanya mazoezi. "Mwacheni, anajilinda," shangazi husema. Majirani wameshaacha kumwita shangazi kwa jina la mwanawe wa kwanza. Siku hizi ni Mama Popi, na binamu yangu aliyepokonywa nafasi bado hajasamehe.

Karibu na soko kuna bucha, na bucha haikosi mbwa. Wa hapo ni dume kubwa la rangi ya udongo, hulala mlangoni likingoja mifupa wala halina neno na mtu. Siku moja Popi alivuta kamba, akasimama mbele ya pua yake na kulitukana kwa lugha yao. Dume likageuza uso kando. Likapiga miayo. Likalamba midomo. Anayewajua mbwa angesoma hapo ombi la amani: kijana, nipishe. Popi alisoma woga, akaongeza sauti. Dume likasimama, shingo imekakamaa, mkia juu.

Shangazi akafanya wanalofanya wengi wenye mbwa wadogo: akamnyakua Popi na kumwinua juu ya kichwa.

"Mama, shusha hiyo mbwa!" mwenye bucha akapiga kelele, lakini shangazi alikuwa ameshageuka mlingoti wa bendera. Mbwa akiona kitu kinapaa huku kinalia, hamu ya kukifuata humzidi. Dume likainuka kwa miguu ya nyuma, ya mbele likaiweka kifuani kwa shangazi, na wote watatu wakaishia ndani ya nyanya za mama mmoja aliyeyapanga mafungu yake tangu alfajiri. Hakuna aliyeng'atwa. Nyanya zililipwa zote, pamoja na zile ambazo hazikuguswa.

Shangazi akakata shauri kwamba Migori ina mbwa wabaya, akaja kupumzika kwangu Homa Bay. Rongo, alipobadilisha matatu, makanga alitaka kujua kama Popi ni abiria au mzigo.

"Ni mtoto," shangazi akajibu.

"Basi mpakate, na anyamaze kama watoto wengine."

Hakunyamaza hadi ziwa lilipoonekana.

Kesho yake tulimkuta Popi ufuoni katikati ya omena iliyoanikwa juu ya nyavu. Mbwa wa ufuoni walikuwa wamelala kando kwa adabu, maana wanaijua fimbo ya wenye omena. Popi aliwabwekea, wakainuka, naye akageuka na kutimua mbio akilia kwa sauti nyembamba. Hatari hasa iko hapo: mbwa mdogo anayekimbia akilia huamsha silika ya kuwinda hata kwa mbwa mpole, na mkubwa akimtikisa mara moja tu anaweza kumvunja shingo. Mama wa omena aliwarudisha mbwa kwa kelele moja, kisha akamgeukia shangazi. "Asiyefunzwa na mamaye, hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu wa mbwa, mama yangu, una meno."

Mwalimu alipatikana jirani: mzee mstaafu mwenye jike kubwa lililozeeka, lisiloshtushwa na lolote. Karo ilikuwa omena kavu mfukoni. Walianza kila mmoja ng'ambo yake ya barabara. Popi akilitazama lile jike na kunyamaza, anapata omena. Akibweka, anarudishwa nyuma hadi atulie. Baadaye wakatembea sambamba, wakikaribiana kidogo kidogo, kwa kuwa mbwa kuendeana uso kwa uso ni kutafutana ubaya. Wenye adabu huzunguka, wakanusana ubavuni na nyuma. Salamu iwe fupi, kisha mdogo anaitwa kabla hajaropoka.

Kilichochelewa kufuzu ni mkono wa shangazi. "Legeza kamba, Mama Popi," mzee alikuwa akirudia. "Ukikaza, unamwambia kuna vita." Tena akamfundisha kwamba mbwa mkubwa akionekana mbali, dawa ni kugeuza njia mapema na kuondoka polepole.

Siku hizi, wakiwa wamerudi Migori, Popi hupita mbele ya bucha akiangalia mfuko wa shangazi. Ni adabu ya kununuliwa, lakini ni adabu.

Wenye mbwa wadogo, chekeni, kisha mfunze. Wenye wakubwa, wafungeni kamba na mfunge lango. Nyote wapelekeni chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, kwa sababu ugonjwa huo haupimi kimo. Na mtu aking'atwa, hata na kijibwa cha kuchekesha, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.