Pikipiki yenye kompyuta

Pikipiki ilimzimikia mwenyewe jana asubuhi kwenye taa za Morocco, Dar es Salaam, yuko mbele kabisa ya foleni. Taa iliporuhusu, injini ikatetemeka, ikakohoa, ikanyamaza. Konda wa daladala la nyuma akatoa nusu ya mwili mlangoni: “Oya kaka, toa hiyo baiskeli barabarani!” Abiria wakaangua kicheko. Kilichomchoma zaidi mwenye pikipiki ni bodaboda aliyempita pembeni na chombo chakavu cha kabureta, taa ya mbele imefungwa kwa mpira, gunia la mkaa nyuma, injini haina wasiwasi wowote.

Yeye aliongeza hela ili apate injeksheni.

Kabureta haina makuu. Hewa ikipita kwa kasi kwenye koo lake jembamba hufyonza petroli. Sailensi, yaani mzunguko wa injini chombo kikiwa kimesimama, ikisumbua, fundi anazungusha skrubu, mambo yanaisha. Injeksheni inataka mahesabu. Pampu iliyomo ndani ya tanki husukuma petroli kwa mgandamizo wa baa 3 hivi, nozeli inafunguka kwa milisekunde chache tu, na kompyuta ndiyo inayopanga muda huo kwa kuziuliza sensa: resi imevutwa kiasi gani, injini imepata moto au bado, moshi umebaki na oksijeni kiasi gani? Inatafuta gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli. Pikipiki ikisimama kwenye taa, kipepeo cha throto, mlango wa hewa ya injini, kimekaribia kufunga kabisa, injini inaishi kwa hewa ya kupimiwa. Ufa mdogo kwenye mpira wa throto ukiingiza hewa ya wizi, hesabu zote zinavurugika. Kwenye mwendo huwezi kujua. Hewa halali ni nyingi mno.

Fundi wa mtaani hakutaka habari za sensa. Alichuchumaa, akaona skrubu yenye tone la rangi, alama ya kiwandani kwamba isiguswe. Akaigusa. “Nimekuongezea sailensi, bosi,” alisema akipangusa mikono kwenye suruali. Skrubu hiyo ikisogezwa, kompyuta inaweza kudhani dereva amevuta resi, kumbe mwenzako ametulia tuli anasubiri taa. Pikipiki ilinguruma vizuri mpaka Magomeni.

Mwingine alibadilisha plagi. Mwingine akalaumu mafuta, na hapo usimcheke: EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ilianza kuyawekea vinasaba mwaka 2010 kwa sababu ya wachakachuaji.

Muda wote huo taa ya injini ilikuwa inakonyeza namba ya hitilafu. Kwenye Honda nyingi, konyezo refu huhesabiwa kumi na fupi moja. Fupi nane humaanisha sensa ya resi. Yake si Honda, na duka lililomuuzia lilimpa kijitabu cha kumfundisha kuvaa helmeti. Jedwali la namba hizo? “Hilo ni la mafundi wetu.” Mafundi hao nao hawana. Mtu anauziwaje mashine inayojieleza, kisha ananyimwa lugha yake?

Jana hiyohiyo, fundi wa Keko alipuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka mpira wa throto. Mlio ukabadilika papo hapo: ufa, upande wa chini. Mpira mpya unaagizwa. Ile skrubu ya rangi bado haijarudishwa mahali pake, na aliyeizungusha anaapa haijui.