Sifa za Ukurasa wenye Kiza

Mwezi umesifiwa, wali wa nazi umesifiwa, hata punda amepata wa kumtetea. Aliyesahaulika ni ukurasa wa mwongozo wa hifadhidata unaofundisha kutafuta maneno kwa ruwaza: msomaji huuingia na swali moja, akatoka na matatu.

Utazameni ukarimu wake. Kwa kazi hiyo moja, PostgreSQL humpa mtu njia tatu. Akiuliza kama 'samaki' LIKE 'mak', anajibiwa hapana, kwa kuwa LIKE hudai ruwaza ilienee neno zima, kichwa hadi mkia. Akiuliza 'samaki' ~ 'mak', kwa ile alama ya wimbi ya POSIX, jibu ni ndiyo. Hapo kipande kinatosha. Katikati yao amekaa chotara, SIMILAR TO, aliyeingia katika kiwango cha SQL mwaka 1999. Anadai neno zima na kutumia asilimia kama LIKE, ila mabano na alama ya "au" ameyarithi kwa POSIX. Nukta, ambayo kwa POSIX ni herufi yoyote, kwake ni nukta tu. Hayo yote yameandikwa, tena kwa usahihi. Yamewekwa tu pale ambapo mwenye haraka hafiki.

Na haraka, wazee walishasema, haina baraka. Mtu anayetafuta 'ripoti_2' huletewa pia 'ripoti-2' na 'ripoti12', kwani kistari cha chini kwa LIKE ni herufi yoyote moja. Amepata ripoti za ziada bila malipo, alalamike nini?

Ukurasa huu hudumisha ujirani pia. LIKE 'Juma%' inapojikokota ingawa faharasa ipo, sababu yaweza kuwa mpangilio wa herufi wa lugha iliyochaguliwa, na dawa yake, text_pattern_ops, imehifadhiwa sura ya 11. LIKE yenyewe iko sura ya 9. Kati ya sura hizo mbili pana muda wa kunywa chai na kumwamsha mjuzi wa ofisi, ambaye bila giza hili angekosa heshima yake. Yeye ndiye atakayeeleza kwa nini mtu aliandika LIKE, na amri ya EXPLAIN ikamrudishia mawimbi mawili, ~~.

SQLite, hifadhidata nyingine, imewapita wote. Ina opereta iitwayo REGEXP, na mwongozo wake unakiri kwamba fanksheni ya kuiendesha haikuwekwa, hivyo anayeiita kwa kawaida atapata ujumbe wa kosa. Jina inalo, na nafasi kwenye orodha inayo. Kazi tu ndiyo haijapangiwa.